Tep Alilala Bila Kula

Kwetu Luc Ngan, wilaya ya milimani, lichi, yale matunda madogo mekundu yenye kokwa, zikiiva hakuna mvivu. Hata mvivu anaamshwa. Watu huingia shambani kabla jua halijatoka, kila mtu na taa kichwani, kwa sababu lichi inayochumwa kwenye baridi ya alfajiri haisinyai upesi. Kukipambazuka, barabara hujaa pikipiki zilizobeba makreti mekundu mpaka dereva haonekani. Na katikati ya pilikapilika hizo huangukia sikukuu yetu ya mwezi wa tano, ya kalenda ya zamani. Wanaofanya kazi mijini hurudi na watoto wao kula matunda nyumbani.

Bibi Thoa ni mjane. Ana shamba la lichi mlimani. Siku moja kabla ya sikukuu alisimama mlangoni akimngojea mwanawe, Quyet. Quyet na mkewe, Nhan, wanafanya kazi kiwandani. Wana mtoto mmoja, msichana wa miaka minne. Jina lake la nyumbani ni Tep, yaani uduvi, kwa sababu alizaliwa mdogo na mpaka sasa ni mwembamba.

"Haya, Uduvi wangu kafika!" Bibi Thoa alimpokea kutoka kwenye pikipiki. "Mbona mwepesi hivi? Mkwe wangu, huyu mtoto unamlisha upepo?"

Nhan alicheka kwa aibu. "Mama, hapendi wali. Kijiko kimoja anakizungusha mdomoni mpaka kinapoa. Ndiyo maana nimembebea biskuti na juisi za pakiti."

"Biskuti! Hapa atakula matunda mpaka aombe msamaha."

Na kweli alikula. Siku nzima Tep alishinda chini ya miti. Wakubwa walikuwa wanachuma na kufunga vichala. Yeye alifukuza kuku, akarudi, akaokota lichi, akaimenya kwa meno, akala. Zilizoiva alikula. Za kijani zilizoanguka chini, nazo alikula. Wali wa mchana ulipotengwa, aligeuza uso.

"Nimeshiba," alisema.

"Umeshiba nini wewe?" baba yake alimuuliza.

"Lichi!" Tep alipandisha fulana akaonyesha tumbo.

Wote walicheka. Nani asingecheka?

Jioni Tep alisinzia kwenye mkeka, katikati ya majani na vichala. Nhan alikuja na bakuli la uji wa mchele.

"Tep, amka mwanangu. Vijiko viwili tu."

"Mwache alale," alisema Bibi Thoa. "Kesho sikukuu. Akiamka tu, kabla hata ya maji, anakula wali uliochachishwa, halafu lichi. Tumbo likiwa tupu, wadudu wote wa tumboni wanakufa. Kwani kwenu hamkulelewa hivyo?"

"Tumelelewa hivyo hivyo, Mama."

Nhan akaliweka bakuli chini. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Sote tumelelewa hivyo.

Alfajiri, akishawatengea mababu na kuwasha udi, Bibi Thoa aliingia chumbani na bakuli la sikukuu mkononi. "Uduvi, amka tuue wadudu!"

Tep hakuamka. Nhan alimgusa, akashtuka. Mtoto alikuwa ameloa jasho, na jasho lenyewe lilikuwa baridi. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu.

"Tep? Tep! Niangalie mama yako!"

Mikono ya Tep ilianza kurukaruka. Kisha miguu. Kisha mwili mzima ukakakamaa.

Bakuli lilimponyoka Bibi Thoa likapasuka. Alikuwa ameyaona haya zamani, alipokuwa bibi harusi mgeni katika kijiji hiki. Mtoto wa jirani alilala akicheka, na kulipokucha hakuwepo tena duniani. Ilikuwa msimu wa lichi, kama huu. Wazee waliuita ugonjwa ule jinamizi, kwa kuwa ulikuja alfajiri na kuondoka na mtoto.

"Jinamizi," alinong'ona. "Jamani, limerudi."

Quyet alitoka mbio akipiga kelele za kuomba msaada. Bibi Thoa alikimbilia jikoni, akarudi na ndimu iliyokatwa. "Mkamulie mdomoni! Mfungue meno kwa kijiko!"

Nhan alichukua kijiko. Meno ya Tep yalikuwa yamebana kabisa. "Fungua, mwanangu, fungua, nakuomba..."

"Acha! Toa kijiko hicho!"

Ilikuwa sauti ya Diu, muuguzi wa zahanati ya kijiji. Shamba lake linapakana na la Bibi Thoa, na alikuwa huko akichuma aliposikia kelele. Taa ilikuwa bado inawaka kichwani mwake.

"Msimtie kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Wala msimshike kwa nguvu. Mlazeni ubavu. Hivi." Alimgeuza mtoto taratibu, akasogeza kreti lililokuwa karibu lisimgonge kichwa. Akamgusa shingoni. "Hana homa. Nhan, jana jioni alikula nini?"

Nhan alikuwa akimfuta mtoto jasho.

"Nakuuliza, mwenzangu. Alikula nini?"

"Lichi."

"Na chakula?"

"Alilala. Hakula."

Diu alisimama. "Quyet, washa pikipiki. Sasa hivi."

Walishuka mlima. Diu alitangulia na pikipiki yake. Nyuma Quyet aliendesha, na Nhan alimkumbatia Tep kifuani, sikio lake karibu na pua ya mtoto, akisikiliza pumzi. Wakati mwingine aliisikia. Wakati mwingine alisikia injini tu.

Walipofika barabarani, njia haikupitika. Pikipiki za lichi zilikuwa zimejipanga zikisubiri mizani, kreti kwa kreti, hakuna pa kupenyeza hata mguu.

"Pisheni!" Diu alipiga kelele. "Pisheni, mtoto anakufa!"

Nhan alilisikia neno lile. Ndilo neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiliogopa kulisema tangu walipotoka nyumbani. Mchumaji wa kwanza aligeuka, akamwona mtoto, akaisukuma pikipiki yake mpaka mtaroni, lichi na kreti na vyote. Wa pili akafanya hivyo. Njia ikafunguka.

Kwenye zahanati, Diu alimchoma Tep kidole, akapima tone la damu. "Sukari ya mwili imeshuka sana," alisema. Akatafuta mshipa katika mkono ule mwembamba. Aliukosa. Akajaribu tena, akaupata, na maji ya sukari yakaanza kuingia.

Nhan alishika mguu wa Tep. Alihisi akiuachia tu, mtoto ataondoka. Quyet aliangalia ukuta, midomo ikimcheza.

Kisha mguu ukavutwa kidogo.

"Mama," alisema Tep kwa sauti nyembamba, "unanibana."

Bibi Thoa alikuja kwa miguu, mlima mzima, kandambili moja imekatika. Hakuingia. Alisimama mlangoni, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Yupo?" aliuliza.

"Yupo, Mama," alijibu Nhan.

Ndipo yule mama mzee alipokaa chini na kulia.

Asubuhi hiyo Tep alipelekwa hospitali ya wilaya, na daktari akasema akae huko aangaliwe. Diu aliwatembelea huko jioni. Bibi Thoa alikuwa kando ya kitanda, hajaondoka tangu asubuhi.

"Diu, mwanangu, niambie ukweli," alisema. "Lichi ni sumu? Nitakata miti yote. Shoka ninalo."

"Usikate hata tawi, mama. Wewe umekula lichi maisha yako yote na bado unatugombeza."

Bibi Thoa hakucheka. "Basi ni nini?"

"Ni lichi nyingi pamoja na njaa," alisema Diu. "Mwili unataka sukari muda wote, hata ukilala. Ubongo ndio unaoitaka zaidi. Usiku hatuli, kwa hiyo mwili hutumia akiba yake, kisha hutengeneza sukari nyingine. Mtoto mdogo akiba yake ni kidogo. Mtoto mwembamba kama Tep, ni kidogo zaidi. Sasa, ndani ya lichi kuna kitu kinachouzuia mwili usitengeneze sukari hiyo nyingine. Katika lichi ambazo hazijaiva kimezidi. Mtoto akila nyingi halafu alale bila chakula, akiba inaisha kabla hakujakucha. Ubongo unakosa nguvu. Ndipo degedege linakuja."

"Lakini lichi ni tamu," alisema Nhan. "Mimi nilidhani ana sukari ya kutosha."

"Utamu ule unaisha mapema, dada. Usiku ni mrefu. Angekula uji wake, pengine leo tungekuwa tunasherehekea."

Nhan aliinamisha kichwa. Bibi Thoa alimshika mkono. "Ni mimi niliyekwambia umwache," alisema.

"Na wadudu je?" aliuliza Quyet. "Ile desturi ya tumbo tupu?"

"Minyoo inauliwa na dawa ya minyoo. Ipo zahanati, njooni mchukue. Njaa haiui mnyoo. Njaa mwana malegeza, inamlegeza mtoto mwenyewe." Diu aliwatazama wote watatu. "Tena nisikilizeni. Mtoto akianza kulegea na kutoka jasho baridi, lakini yuko macho na anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari haraka, halafu mleteni. Akiwa hajitambui, msimpe kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, mleteni mbio. Na degedege lina sababu nyingi, si lichi peke yake. Msikae nyumbani kukisia."

"Sasa watoto wakija shambani wale nini?" aliuliza Bibi Thoa.

"Mama, jikoni kwako kumejaa. Viazi vitamu vya kuchemsha. Mahindi. Yai. Ndizi. Wali wa kunata na karanga zilizosagwa. Maji safi, si juisi za pakiti. Lichi zije baada ya chakula, chache, zilizoiva. Na kokwa mtoe, mtoto mdogo inamkaba. Akae chini anapokula, asikimbie na kitu mdomoni."

Tep alipona. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka mzima Nhan aliamka alfajiri kumgusa mtoto shingoni. Lichi za kwanza zilipofika sokoni mjini, alivuka barabara asizione. Quyet alipotaja safari, alijibu neno moja.

"Hatuendi."

Bibi Thoa akapiga simu. Nhan alijiandaa kwa ugomvi.

"Mkwe wangu," alisema yule mama mzee, "sikulazimishi. Mimi mwenyewe naogopa. Naliogopa shamba langu. Nikiona lichi moja chini naiokota. Njooni tuogope pamoja."

Wakaenda.

Safari hii mkeka ulikuwa umetandikwa chini ya mti, na juu yake viazi vitamu, mahindi na mayai yaliyochemshwa. Watoto wa majirani nao walikuja, kwa sababu habari ya chakula haihitaji tarumbeta. Baada ya kula, kila mmoja alipewa lichi chache zilizotolewa kokwa. Tep aliokota moja ya kijani.

"Wee! Tema!" Bibi Thoa alipiga ukelele hadi wachumaji wakasimama juu ya ngazi zao.

"Bibi, sijaiweka mdomoni," alisema Tep.

"Basi tema hivyo hivyo!"

Jioni Tep alisinzia mapema kwa uchovu. Nhan alimwamsha. Tep alilia, akapiga miguu, akasema mama mbaya.

"Mimi mbaya, sawa," alisema Nhan. "Lia, lakini meza." Alimlisha uji wenye yai mpaka bakuli likaisha. Kisha akalala kando yake, mkono juu ya kifua cha mtoto, akiogopa hata kufumba macho. Lakini usingizi hauna adabu. Ulimchukua.

Alipozinduka, kulikuwa kunapambazuka. Alipapasa mkeka. Mkeka ulikuwa mtupu na umepoa.

Alifuata ukuta kwa mikono kama kipofu mpaka jikoni.

Tep alikuwa ameketi kwenye kigoda, mdomo wazi. Bibi Thoa alikuwa akipuliza kijiko cha uji wa moto.

Nhan aliegemea ukuta. Kule sebuleni aliona meza ya mababu. Matunda ya sikukuu yalikuwa yamepangwa, lakini udi ulikuwa bado haujawashwa. Kwetu hakuna anayetia kitu mdomoni siku hiyo kabla mababu hawajatengewa. Bibi Thoa alikuwa hajawahi kuivunja sheria hiyo, hata mwaka aliomzika mumewe.

"Mama," alisema Nhan kwa sauti ndogo, "bado hujawatengea wazee."

Bibi Thoa hakugeuka.

"Wazee wameshakufa, hawana haraka," alisema. "Mwenye haraka ni huyu. Fungua mdomo, Uduvi."