Sauti Nyuma ya Amony

Amony alikuwa peke yake chumbani aliporekodi maoni yake juu ya riwaya moja ya mapenzi. Mumewe, Komakech, alikuwa kazini. Dirisha alikuwa amelifunga kuzuia kelele za makondakta wa mtaa wa Nateete, Kampala, na mlango pia. Ndiyo maana swali la Marie-Louise lilimshtua.

"Dada, ule mwanamke mwenye kusema pamoja na weye ni nani?"

Marie-Louise, Mkongomani aliyeuza vitenge karibu na soko, ndiye aliyemwingiza Amony katika kundi lao la wasomaji. Walikuwa wanawake wachache tu, Waacholi kama Amony, Wakenya na Wakongomani. Walikopeshana riwaya, kisha kila mmoja alitoa maoni yake kwa ujumbe wa sauti. Walitumia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee iliyowakutanisha wote.

"Hakuna mtu hapa," Amony alimjibu.

"Sikiliza tena."

Akasikiliza. Ilikuwa sauti yake, yenye furaha: "Jamani, mimi huyu bosi nimempenda! Anamfungia msichana ndani ya jumba kwa sababu anaogopa kumpoteza. Ukipendwa hivyo, unajua una thamani. Kilichonichosha ni mama mkwe tu." Hapo alikuwa ametua kidogo kuvuta pumzi. Katika kile kituo, sauti nyingine, nzito kama ya mtu mwenye maji kooni, iliuliza:

"Alifunga kwa nje?"

Amony aliufuta ujumbe ule. Alijiambia ni simu, simu za siku hizi zinaingiliana. Lakini alipoinama kuokota kandambili zake chini ya kitanda, sakafu ilikuwa imelowa, na chumba kizima, hapo ghorofani pasipowahi kuvuja, kilinuka mfereji.

Riwaya iliyofuata ilihusu malkia mwenye ufalme chini ya ziwa, watu wake wakiishi humo na kupumua kama samaki. Amony aliirekodia maoni mchana, amekaa kitandani na mgongo wake ukutani. Alisema majina ya wahusika yalimsumbua, na vita vilikuwa virefu mno, lakini ule ufalme ulikuwa mzuri hata alitamani kuhamia. "Mwandishi amenifanya niamini kabisa kwamba mtu anaweza kuishi mle."

"Uongo," ilisema ile sauti, safari hii karibu kabisa na sikio lake. "Majini hakuna kupumua."

Hakusubiri kusikiliza rekodi. Alikuwa ameisikia kwa masikio yake, na shingo yake upande ule ilikuwa imelowa.

Hakumwambia Komakech. Mumewe hakupenda mambo ya vitabu, wala hakupenda aongee na watu asiowajua yeye. Alipomwoa alimweleza kwamba aliwahi kuwa na mke, Alanyo, wakiishi Bwaise, mtaa wa bondeni hapo Kampala, na homa ikamwua. Baada ya hapo hakutaka kumzungumzia tena. Amony aliona ni huzuni, akamhurumia.

Ya tatu ilikuwa riwaya ya mauaji. Amony alijikaza akairekodi, maana wenzake walikuwa wakimsubiri, na kwa kuwa aliogopa aliharakisha maneno: kwamba alikisia muuaji mapema, kwamba mpelelezi alizunguka nchi nzima bure, kwamba adhabu ilikuwa ndogo kuliko kosa. Alikuwa ameanza kuisikiliza rekodi hiyo pale Komakech alipofungua mlango, amerudi mapema, na wote wawili wakaisikia ile sauti ikisema polepole, bila hasira:

"Muuaji anakula nyumbani."

Mfuko wa nyama ulimponyoka Komakech.

"Nani amekupa sauti hiyo?"

"Sauti gani?"

"Ya Alanyo!" Alinong'ona kama anayeogopa kusikika ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Wewe bibi, umeongea na nani Bwaise? Watu wa kule wamekwambia nini?"

"Waniambie nini, Komakech?"

Alimnyang'anya simu. Asubuhi yake alitoka nayo, na Amony akasikia kwa nje kitu ambacho hakuwahi kukisikia katika ndoa yao: mlio wa kufuli.

"Komakech! Fungua!"

"Ni kwa usalama wako," alisema mumewe nyuma ya mlango, na viatu vyake vikashuka ngazi.

Kabla ya adhuhuri mvua ilianza, mvua ile ya Kampala inayogeuza mchana kuwa kiza, na Amony, aliyekuwa amekaa kitandani akilia, aliona maji yakitokea, si dirishani wala darini, bali katikati ya sakafu, meusi, yamebeba majivu na maganda ya ndizi na kandambili moja ya mtoto, yakipanda taratibu hadi kwenye vifundo vyake, hadi magotini, huku mlango ukigongwa kwa ndani, ukigongwa kwa viganja vya mtu ambaye hakumwona, mtu aliyeita kwa Kiacholi, "Fungua, Komakech, maji yanaingia, fungua," akaita na kuita mpaka sauti ikajaa maji na kukatika. Na hapo Amony akaelewa, kama aliyesimuliwa, jinsi Alanyo alivyokufa.

"Dada yangu," alisema, maji yakimfika kiunoni, "mimi sikujua."

Mkono baridi ulimshika bega. Nje, kufuli ilianguka.

Marie-Louise ndiye aliyeiona ikianguka. Amony hakuwa amejibu jumbe zake, naye akaja kumtazama. Alipofika juu ya ngazi alikuta kufuli imefungwa, akasikia kilio ndani, na kabla hajaigusa, ilifunguka yenyewe ikitiririka maji. Amony alitoka amelowa hadi kifuani. Nyuma yake sakafu ilikuwa kavu.

Walikwenda kwa Mama Husnah, Mnubi aliyejulikana Nateete yote kwa kuwasomea watu wenye majini. Mama huyo aliingia chumbani na chetezo chake cha ubani, akatoa salamu kwa upole.

"Mtu akifa kwa dhuluma," alisema, "jini aliyetembea naye maishani hubaki na uchungu wake. Huyu hakukujia wewe, mwanangu."

Komakech aliwakuta hapo. Alipoona ubani alipata matumaini. "Mama, mtoe! Nitafanya lolote, mtoe!"

"Kwanza mwambie mkeo mlango wa Bwaise ulifungwaje."

"Mlango upi? Sawa, haikuwa homa, lakini Alanyo alikuwa amelala, maji yakamkuta..."

Neno halikumalizika. Alikohoa, akashika koo, na maji meusi yakamtoka mdomoni na puani. Alipiga magoti. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ngazi, na wote walimsikia akisema, katikati ya kutapika tope, kwamba alimfungia Alanyo kwa sababu ya wivu. Kwamba alipigiwa simu kwamba Bwaise imefurika naye akakawia kusudi, ili mkewe apate adabu. Kwamba aliiondoa kufuli kabla watu hawajafika. Ndipo pumzi ikamrudia.

Polisi walimchukua jioni hiyohiyo.

Wakati wa kiangazi Lawrence, kaka yake Komakech, alikuja kwa Amony akiwa na Mama Husnah. Alikuwa amekonda kwa mawazo.

"Shemeji, ndugu yangu anakufa kwa kiu kule gerezani. Wenzake wanakunywa maji ya jerikeni moja naye, salama. Yeye akitia maji mdomoni yanageuka tope. Anaishi kwa kuramba kitambaa chenye unyevu."

"Naweza kumwita jini huyo atulie," alisema Mama Husnah. "Lakini atamsikiliza tu yule aliyemhurumia Alanyo. Anataka ruhusa yako, mwanangu. Neno moja tu."

Lawrence alipiga magoti. "Nakuomba."

Amony alimtazama. "Siku ile Bwaise, nani alimpigia simu Komakech?"

Lawrence aliinamisha kichwa. "Mimi."

"Ulijua Alanyo amefungiwa?"

"Nilijua."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Mama Husnah alifunga kitambaa chake cha ubani na kuanza kusimama.

"Mwambie ndugu yako nimekataa," alisema Amony.

Kisha, kwa kuwa Lawrence alikuwa mgeni na jua lilikuwa kali, alimmiminia glasi ya maji baridi, akamkabidhi kwa mikono miwili, akasubiri kuona kama atathubutu kuyanywa.