Ng'ombe Mia wa Glory

Mimi ni Melkiori, mwana wa Leonce, mwana wa Sospeter, watu wa Marangu. Babu yangu alikuwa katekista. Baba yangu alipima kahawa ya chama cha ushirika miaka thelathini, wala hakuna mkulima aliyelalamika kupunjwa.

Sasa ninaishi ughaibuni, mjini Grand Prairie, kwa binti yangu Pelagia, muuguzi. Kila alasiri humkagulia mjukuu wangu Glory, mwenye miaka kumi na miwili, kazi zake za shule. Alhamisi moja alipewa neno la Kiingereza, abundant, yaani kitu kilicho tele, kinachozidi haja. Mwalimu alitaka habari ya kweli ya nyumbani yenye neno hilo, isomwe kesho yake mbele ya wazazi.

Glory alikuwa ameandika kwamba ng'ombe wa babu yake ni abundant: wapo mia moja.

Nilivua miwani. "Mia? Katika kihamba chetu, kishamba kile cha nyumbani Marangu? Wanalala juu ya migomba?"

"Babu, nili-exaggerate kidogo tu. Wenzangu wananicheka, eti kwetu hakuna chakula."

"Ninao wawili, na mmoja hana maziwa."

"Nimeshamwambia mwalimu! Kesho atakuuliza. Please, Babu, sema ndiyo."

"Sitasema. Utasahihisha mwenyewe."

Akalia. Mara jirani yetu Moraa, Mkenya, akabisha hodi, amebeba bakuli letu limejaa chapati.

"Mzee, mtori wenu wa ndizi na nyama umetumaliza! Watoto wamelamba mpaka mwiko."

Alipoondoka, Glory alifuta machozi. "Mbona hakuleta bakuli tupu?"

"Chombo cha jirani hakirudi kitupu."

Akafungua kabati. Kulikuwa na sahani ya Fidèle, Mkongo wa ghorofani, na vyombo vya watu wa kanisani, vyote vikingoja kujazwa. Akachana karatasi yake na kuanza upya.

Ijumaa alisimama mbele ya wazazi. "Ng'ombe mia walikuwa uongo wangu. Babu ana wawili." Darasa likaangua kicheko. Hakukaa; akasoma hadi mwisho jinsi vyombo vya majirani vilivyo abundant katika kabati letu. Kijana aliyezoea kumdhihaki akauliza kama chapati zimebaki.

Tukiwa njiani nilimwambia, "Mjukuu wangu, wingi wa kweli ni ule unaomfikia jirani. Wa kubuni haumshibishi hata aliyeubuni."

Nanyi vijana mnaosoma haya, sikieni na mshike: andikeni mlicho nacho, hata kikiwa kidogo. Sikuombeni, ninakuagizeni.