Parachichi Lisilo na Kokwa

Hebu fumba macho kidogo, uone parachichi moja limekatwa katikati. Nyama yake ni ya manjano, laini, haina nyuzi hata moja. Sasa tazama pale ambapo kokwa hukaa. Hakuna kokwa. Kuna shimo tu, safi, la mviringo, kama kitanda ambacho mtu ameondoka sasa hivi na kukiacha kimetandikwa.

Hilo ndilo parachichi ambalo Clemensi alirudi nalo nyumbani, katika kijiji kimoja upande wa Endabash, miaka ile sabuni na sukari zilipokuwa adimu madukani. Alilikata mezani mbele ya mkewe, Bernadina, na mama yake mzazi, Cresensia.

"Umelitoa wapi?" mama yake akauliza.

"Huko juu, kwenye mashamba ya kahawa."

Haikuwa kweli. Alikuwa amelitoa bondeni, kwenye mahame ya watu waliohamishiwa kijijini miaka michache nyuma. Huko kulibaki nguzo zilizooza na mawe ya kusagia, na mparachichi mmoja uliosimama mbali na nyumba zote zilizoanguka. Clemensi alikuwa amefanya kazi kwenye kitalu cha kahawa na alijua kubebesha miche. Mti usio na kokwa haupandwi kwa mbegu. Lazima ukate vikonyo vyake, yaani vijitawi vichanga, uvibebeshe juu ya miche ya kawaida, ufunge kwa utepe wa nailoni, usubiri vishikane. Yeyote ambaye angejua mti ulipo angeweza kwenda kukata vikonyo vyake, na Clemensi alitaka parachichi hili lijulikane kwa jina lake. Kwa hiyo alidanganya.

Bernadina alionja kipande. Alikuwa na mimba kubwa. Mimba mbili za kwanza ziliharibika, basi hii ilitunzwa na nyumba nzima. Hata ndoo ya maji hakuruhusiwa kuinua.

"Linanukia maziwa," alisema.

"Ya ng'ombe?"

Bernadina alifikiri. "Hapana. Ya mama anayenyonyesha."

"Basi mtoto atalipenda," Clemensi akasema, na wote wakacheka.

Alipanga miche aliyoibebesha vikonyo vya mti ule kwenye makopo, ukutani, chini ya dirisha la chumba chao. Kwa kawaida kikonyo hukaa wiki kadhaa kabla ya kuchipua. Hivi vilichipua kabla ya Jumapili. Majirani walikuja kuvitazama wakitoka kanisani. Josephati, dereva wa lori, alizunguka makopo akitikisa kichwa.

"Parachichi bila kokwa. Sasa watoto watarushiana nini, Clemensi?"

"Watakula tu, watulie."

"Nipe mche mmoja. Usiponipa nitasema umeota wewe, hakuna mti."

Clemensi akampa. Josephati akaufunga kwa kamba nyuma ya kiti cha lori, akaondoka nao.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulishuka mzito, kama unavyoshuka huku kwetu wakati wa baridi. Bernadina alitoka kufagia uwanja. Akasikia mtu akikohoa taratibu upande wa makopo, kile kikohozi cha mgeni mwenye adabu ambaye hataki kuingia kabla hajakaribishwa.

"Karibu," alisema. "Nani?"

Sauti ya mwanamke ikamjibu kwa upole. "Siku zangu zimeisha?"

"Siku gani, mama?"

Alisogea mpaka ukutani, na pale hapakuwa na mtu, ila majani ya miche yaliyokuwa yakitikisika bila upepo, na harufu ya maziwa yaliyochacha.

Hakumwambia mumewe, kwa kuwa alijua angecheka. Lakini siku hiyo ng'ombe alikataa kukamuliwa. Kesho yake maziwa waliyopewa na jirani yaliganda ndani ya kibuyu kabla hawajayanywa. Na jioni, wakiwa wamekaa jikoni, Bernadina aliweka mkono tumboni na kuuacha hapo muda mrefu.

"Mama," alimnong'oneza mkwewe. "Tangu jana hachezi."

"Labda amelala, mwanangu."

"Mama, kuna mtu pale dirishani. Ananiuliza kama siku zake zimeisha."

Cresensia alikuwa anakoroga ugali. Mwiko ukasimama.

Asubuhi, kabla ukungu haujainuka, Cresensia alikwenda mwenyewe kukaa chini ya lile dirisha, akajifunika shuka, akasubiri, na mwanzoni alisikia kuku tu na mtu akipasua kuni mbali, kisha kuku wakanyamaza na kuni zikanyamaza, na ile harufu ya maziwa ikapanda kutoka kwenye udongo wa makopo kama mvuke, ikamzunguka, na kwenye kila mche, kutoka pale pale kikonyo kilipofungwa kwa utepe, akasikia pumzi ndogo ya mtu anayejizuia kulia, na pumzi zile zikakutana zikawa sauti moja, sauti ambayo Cresensia aliwahi kuisikia kila siku ng'ambo ya ua wa miiba, ikimuuliza swali lile lile aliloulizwa zamani: "Jirani, siku zangu zimeisha?"

Aliingia ndani akamkuta mwanawe anafunga viatu.

"Clemensi. Usinidanganye tena. Ule mti uko wapi?"

Clemensi alimtazama usoni, akaacha kufunga viatu. "Bondeni, mama. Mahameni."

"Uko peke yake?"

"Uko peke yake."

Cresensia akaketi. Kisha akawaeleza, yeye na Bernadina, kwa sauti ya chini. Zamani bondeni kulikuwa na mama aliyefiwa na mtoto mchanga. Kwa desturi yao, mama wa msiba kama huo alikaa kando. Hakukanyaga uwanja wa mtu wala kuchota maji na wengine, na hakuna kitu kilichotoka kwake kwenda nyumba nyingine, mpaka mzee aende kumwambia siku zake zimeisha na kumwosha. Chakula aliachiwa kwenye ua. Cresensia ndiye aliyempelekea, na mara nyingi alimpelekea maparachichi, ambayo kokwa zake zilibaki uani kwake.

"Halafu malori yakaja kutuhamisha," alisema. "Wewe, Clemensi, ulikuwa kitaluni. Ilikuwa haraka. Kila mtu alidhani mwingine amemwambia. Na yeye asingetoka bila kuambiwa."

"Hakuna aliyerudi?" Bernadina akauliza.

"Tulirudi tumechelewa."

Mzee Hhando, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatoa watu kwenye siku zao, aliitwa, akaja asubuhi hiyo hiyo. Hakuingia uwanjani. Alisimama nje, akatazama makopo.

"Ni jini, mzee?" Clemensi akauliza.

"Mwite unavyotaka. Huyu alishika desturi hata baada ya kufa. Hakuwahi kumfuata mtu. Ninyi ndio mmekwenda kuuchukua msiba wake, mkauotesha chini ya dirisha la mwenye mimba." Akageuka. "Beba yote. Yarudi alipo."

Walishuka bondeni mchana, Clemensi na makopo kwenye mkokoteni, Cresensia na kibuyu cha maji. Chini ya mparachichi palikuwa baridi kuliko kwingine. Matunda yalining'inia bila kutikisika. Hhando alimwaga maji shinani, kisha akamsogeza Cresensia mbele.

"Sema wewe. Wewe ndiwe uliyeulizwa."

Cresensia aliweka kiganja juu ya gome. "Siku zako zimeisha, mama," alisema. "Tulichelewa. Nenda nyumbani."

Matunda yote yakaanguka kwa pamoja, yakapasuka, na kila shimo lilikuwa limejaa maji safi. Kisha bonde likawa bonde tu, na ndege wakaanza kulia.

Walipofika nyumbani, Bernadina alikuwa mlangoni, mikono yote miwili tumboni, machozi yanamtoka. "Anacheza," alisema. "Tangu mchana, anacheza."

Mtoto alizaliwa mzima. Ni msichana.

Lakini jioni ile ile ya kutoka bondeni, Clemensi akiwa anafagia pale makopo yalipokuwa, alikumbuka mche mmoja. Josephati aliporudi alimwendea mbio.

"Ule mche? Nilimpa abiria," Josephati akasema. "Mtu mpole. Alishukia Mto wa Mbu, alikuwa anaendelea mbele. Aliupenda sana. Alisema naye anajua kubebesha."

Hawakumpata mtu yule. Hakuna anayejua amebebesha miche mingapi, wala ameigawa wapi.

Kwa hiyo nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Siku ukipasua parachichi ukakuta halina kokwa, na likanukia maziwa, usilile wala usikate kikonyo chake. Liweke chini pole pole, uliambie bila kuogopa: siku zako zimeisha, mama, nenda nyumbani. Huenda hakuna mwingine aliyemwambia.