Madume wa Ghuba ya Mbamba

Kizamiaji kilishuka taratibu hadi chini ya ziwa, kikawasha taa zake. Chombo hicho kisicho na rubani kilikuwa na umbo la kambale, na kila kilichokiona kilijitokeza kwenye kioo mbele ya Dk. Osmunda Ndunguru, aliyeketi juu kabisa katika mnara wa kampuni yake ya kufuga samaki, jijini Mbamba Bay. Mchangani palijaa viota, yale mashimo ya mviringo ambayo dume wa chambo, samaki wa jamii ya perege, huchimba ili kumwalika jike. Kila kiota kilikuwa na dume wake. Walizunguka, wakatanua mapezi, wakafukuzana. Jike hakuonekana hata mmoja.

Osmunda alitamani kukizima kioo. Madume wale walitoka mikononi mwake.

Chambo jike ana kromosomu mbili za X. Dume ana X moja na Y moja, ndiyo maana watoto hutoka nusu kwa nusu. Osmunda alizalisha dume-Y, mwenye Y mbili, asiye na X ya kumrithisha mtoto. Dume huyo akipandana na jike wa kawaida, watoto wote huwa madume. Madume hunenepa haraka, na vizimba vya kampuni vililisha jiji zima. Aliapa kwamba hakuna atakayetoroka. Kisha tufani ikapasua kizimba kimoja, dume-Y wakatorokea ziwani, na kampuni ikamwomba anyamaze. Akanyamaza.

Samaki walipoadimika ghubani, halmashauri ilimwita aeleze sababu. Alisema ni nyavu za matundu madogo. Roboti za doria zikakusanya nyavu ufukweni na kuzichoma, za mjomba wake Kastori Challe zikiwemo. Tangu hapo mjomba alifanya kibarua cha kuosha vizimba vya kampuni, na walipokutana gatini alimwita mpwa wake "daktari", si Osmunda tena.

Sasa kizamiaji kilizunguka jabali, na nyuma yake palikuwa na jike. Kidevu kilikuwa kimevimba, mdomo umejaa vifaranga, kama chambo afanyavyo anapolea. Osmunda alikiagiza chombo kimkwangue gamba moja. Kisomajeni, kifaa cha kusoma jeni, kilipotoa jibu, alilisoma mara mbili: Y mbili, X hakuna. Kwa hesabu zote samaki yule alikuwa dume. Lakini katika kromosomu nyingine, ambayo haikuwahi kuhusika na jinsia, jeni moja lilikuwa limebadilika na kuizidi nguvu Y. Kromosomu mpya ya jinsia ilikuwa inazaliwa. Nusu ya vifaranga wale wangelirithi jeni hilo, nao wangekuwa majike.

Alipaswa kufurahi. Badala yake uso ulimwaka kwa aibu: samaki ameanza kurekebisha jambo ambalo yeye hakuthubutu hata kulitamka.

Miaka ilipita, chambo wakarudi. Kampuni ikaandaa karamu ufukweni, ikatangaza kwamba Dk. Osmunda ndiye aliyewaokoa. Alipopewa kipaza sauti, alisema, "Hawa sikuwarudisha mimi. Wamejirudisha wenyewe."

Watu wakamshangilia kwa unyenyekevu wake. Alikuwa na maneno mengine, lakini makofi yalikuwa mengi, naye akaacha makofi yayafunike.

Mjomba Kastori hakupiga makofi. Aliondoka akaelekea gatini. Osmunda akamfuata, akamweleza yote, kuanzia kizimba kilichopasuka hadi uongo wake mbele ya halmashauri.

"Nilijua siku ile nyavu zinawaka," mzee alisema. "Sisi sote tulikuwa tunautazama moto. Wewe ulikuwa unatazama viatu vyako."

"Nisamehe, mjomba."

"Wapo wenzangu walioitwa waharibifu wa ziwa mpaka wakaingia kaburini. Usiniombe mimi huku pembeni. Kawaambie wale."

Aliporudi, mafundi walikuwa wamekwisha kukunja nyaya za vipaza sauti, na watu wanakula. Mama mmoja alimsogezea kiti, akampakulia chambo wa kuchoma, mkubwa kuliko wote mezani. Osmunda hakukaa. Alimuuliza kama kwake nako zilichomwa nyavu.

"Za marehemu mume wangu," mama alijibu. "Zote."

"Hazikuwa na kosa, mama. Aliyewamaliza samaki ni mimi."

Meza ile ikanyamaza. Meza nyingine, kandokando ya ufukwe wote, bado zilikuwa zinacheka. Osmunda akajifuta uso, akaiendea iliyofuata.