Komeo la Ndani

Rafiki yangu, niliyelala naye chumba kimoja chuoni, ni ofisa majengo wa halmashauri, na si mtu wa kuzua mambo. Mchana mmoja alimsindikiza mwenyekiti kwenda kufunga nyumba ya umma ambayo mheshimiwa huyo alikuwa amejigawia, kana kwamba umma ni jina la mama yake.

Humo alikuwa akiishi bibi mmoja, mfagizi mstaafu wa halmashauri. Siku vyombo vyake vilipotupwa nje, bibi hakulia. Alimwambia mwenyekiti, "Sawa, baba. Nitahamia kwako." Alifia barazani kwa watu kabla mvua hazijakatika.

Madirisha yalikwisha kupigiliwa mbao, ndani giza totoro. Walimulika vyumba vyote kwa tochi ya simu, vitupu. Wakatoka, mwenyekiti akavuta mlango. Kabla hajatia kufuli, wakasikia komeo la ndani likisukumwa taratibu mpaka likagota. Kisha ufagio ukaanza: shwaa, shwaa.

"Panya hao," mwenyekiti alisema.

"Panya wanaofagia, mheshimiwa?"

Ufagio ulisogea, ukafika nyuma ya mlango, ukanyamaza. Hapo hapo simu ya mwenyekiti ikaita. Alikuwa mkewe, na kwa ukimya ule rafiki yangu alisikia kila neno.

"Baba watoto, tumerudi nyumbani, tupo hapa mlangoni. Mbona umetia komeo? Tufungulie basi, uache kufagia."