Aliyeitika Jina la Donatus

Walioingia Msitu wa Nyamhanga, upande wa Geita, Jumamosi tarehe 8 Agosti 1953, walikuwa watatu: Bartholomeo Lusana, mwalimu aliyetoka Shinyanga kuona makaburi ya watemi, Maganga Ngeleja, mtunza makaburi hayo, na Donatus Kagoma, karani wa msitu, mtu wa Biharamulo, aliyeishi peke yake langoni kwa miezi minane.

Njia ilikuwa nyembamba, Donatus akafuata nyuma. Mtu akamsalimu kutoka mgongoni.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka," akaitika.

"Mwana wa nani wewe?"

Tangu aje huku hakuna aliyemwuliza hivyo. "Donatus, wa Kagoma," akasema kwa furaha, akageuka. Hapakuwa na mtu. Palinuka udongo wa kaburi jipya.

Maganga akasimama. "Umemwitikia nani?"

"Sikumwona, mzee."

"Karani mzima hujui kuhesabu watu watatu?" Lakini hakucheka. Alimpaka majivu kipajini, akanong'ona, "Umempa jina, sasa ni lake. Kuanzia leo wewe ni Mageni. Ukiitwa Donatus, hata na mama yako, nyamaza. Ukiitika tena, atakuchukua. Vumilia mpaka mvua za kwanza."

Jumatatu aliitwa kwa sauti ya Maganga, Jumatano kwa sauti ya mwalimu. Alinyamaza. Wiki ya pili tarishi alipiga kelele langoni, "Donatus Kagoma, barua!" Alinyamaza. Tarishi akairudisha Geita, na kwa siku nyingi hakuna binadamu aliyefika tena.

Tarehe 1 Septemba, saa tisa alasiri, mwanamke aliita nje. "Kaka Donatus! Ni Philomena. Hukupata barua yangu? Miguu imekufa, kaka, nifungulie!"

Harufu ya udongo ule ikaingia chini ya mlango, naye akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akijiambia kwamba huyo si mdogo wake, kwamba Philomena yuko nyumbani Biharamulo, kwamba mvua haiko mbali, mpaka akasikia, kutoka njia ya makaburini, sauti ikiitika, nayo ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Niko huku, Philo. Njoo."

"Haya! Kumbe uko huko, nami napigia kelele nyumba tupu," mwanamke akasema, akicheka. Nyayo za viatu zikapita dirishani, zikaelekea msituni.

Donatus hakuondoa mikono mdomoni.

Philomena Kagoma alikutwa amekufa Ijumaa, penye kaburi la tatu la watemi.