Namba ya Nguzo ya Nane

Alhamisi ile ilianza kama Alhamisi nyingine zote nyumbani kwa jirani yetu mpimaji. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni akifunga viatu vya mlimani, mama yake amemsimamia na kikombe cha chai kama askari wa zamu.

"Imebaki kiasi gani?" mama akauliza.

"Wiki iliyopita sentimita kumi na moja, mama. Leo huenda nikakuta mawe matupu."

"Basi leo utamkuta kaka yako. Kunywa chai, usije ukamletea njaa."

Mpimaji akapokea kikombe. Wataalamu wote waliowahi kufika kwenye kituo chao cha kupima theluji waliondoka wamenuna, maana theluji iliyopimwa kila wiki kwa miaka arobaini ilikuwa inakwisha wakiiona. Aliyefurahia kukwisha kwake ni mama huyu peke yake. Mwanawe wa kwanza alipotelea humo miaka ishirini na miwili iliyopita, na mkuu wa kituo, kwa huruma tu, alimwambia kwamba ikiyeyuka itamrudisha. Tangu hapo alikuwa anagoma kufa. Alitaka kuzika kwanza ndipo azikwe.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kuanzia kwenye kibanda cha bati kuna nguzo nane zinazopanda mteremko, zimechorwa mistari ya sentimita. Zamani walikwenda wawili. Msomaji alipita nguzo hadi nguzo akiitaja kwa sauti kuu namba aliyoiona. Mwandishi alisimama kwenye jiwe kubwa na daftari, akairudia ile namba kwa sauti, ndipo akaiandika. Msomaji haruhusiwi kuondoka kwenye nguzo mpaka asikie namba yake imerudiwa. Ndiyo sheria. Na msomaji wa enzi hizo, kaka yake mpimaji, ambaye kituo kizima kilimwita Rula kwa urefu wake na kwa kunyooka kwake, hakuwahi kuivunja hata mara moja.

Siku aliyopotea, mwandishi alikuwa mpimaji wetu huyu, dada yake mdogo, ana miezi mitatu kazini. Ukungu ulishuka, vidole vikamfa ganzi. Nguzo saba zilisomwa zikarudiwa. Ya nane hakuisubiri. Aliangalia namba ya wiki iliyotangulia, akapunguza mbili, akaandika 212, akafunga daftari na kukimbilia jiko la kibandani. Akachemsha maji ya watu wawili. Maji yakachemka mpaka yakakauka.

Walipomhoji alisema namba aliisikia na akairudia. Nani angebisha? Si ilikuwa imeandikwa. Hakumwambia mtu ukweli, na mama yake ndiye aliyemficha kuliko wote.

Sauti ilianza msimu uliofuata. Ukungu ukishuka tu, inatoka huko juu: "Mia mbili na nne!" Halafu kimya, kile kimya cha mtu anayesubiri. Alipopanda kupima, akakuta mia mbili na nne kamili. Miaka ikaenda, namba zikashuka. Mia na hamsini. Tisini. Thelathini. Hakuwahi kuirudia hata moja, kwa sababu kuirudia ni kukiri kwamba ile ya kwanza haikurudiwa. Kituo kilipoleta mitambo na kupunguza watu, aliomba aachwe aendelee kwa mkono, peke yake. Wakampa cheti cha uaminifu. Cheti hicho alikificha chini ya godoro.

Basi Alhamisi ile akapanda. Jua lilikuwa kali. Nguzo ya kwanza sifuri, ya pili sifuri, mpaka ya saba. Kwenye ya nane kulikuwa na kokoto tupu, zimelowa. Aligeuza mawe mpaka kucha zikatoka damu. Hakuona mfupa, wala kifungo cha koti. Chini ya nguzo kulikuwa na vipande viwili tu vya theluji, vimekaa sambamba, kila kimoja na umbo la soli ya kiatu. Alivigusa. Vilikuwa vigumu, na jua halikuvifanya lolote.

Alilia. Angemwambia nini mama?

Alikuwa ameshafika kwenye lile jiwe kubwa ukungu uliposhuka.

"Sifuri!"

Sauti ilikuwa ya kijana wa miaka ishirini na sita, na mafua yale yale aliyokuwa nayo wiki ile. Kisha kimya. Dada akafumba macho. Akajiambia, mwachie aende nyumbani, inatosha.

"Sifuri!" akarudia.

Kokoto zikalia. Hatua moja. Ya pili. Zikashuka, zikampita ubavuni, baridi ikamshika shavu. Hakufumbua macho. Hatua zikaelekea njia ya nyumbani. Aliporudi kuangalia nguzo, vile vipande viwili havikuwepo.

Alishuka mlima akiimba. Sisi majirani tulimsikia, tukashangaa.

Mama alikuwa ameketi wima jikoni, anatetemeka, nywele zimelowa.

"Amekuja," akanong'ona. "Hakukaa. Kanisimamisha mlangoni, kanipima."

Kwenye fremu ya mlango palikuwa na mstari wa penseli, tarehe ya siku ile, na namba 151. Mwandiko ulikuwa wa Rula.

"Alikuwa anakusubiri wewe," mama akasema. "Miaka yote hii. Mbona hukuniambia?"

Hakumsemesha tena bintiye mpaka anakufa.

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, sauti ikatoka pale mlangoni: "Mia na arobaini!" Dada akaziba masikio. Sauti ikasubiri. Maji yakaganda kwenye sufuria, midomo ya mama ikawa ya bluu. Asingerudia, kaka asingeondoka. Akarudia kwa kunong'ona, na nyumba ikapata joto. Lakini wiki ile mikono ya gauni la mama ilifunika vidole. Daktari alisema wazee husinyaa. Mia na ishirini na sita. Mia na tisa. Tulipobeba jeneza, tulitazamana: lilikuwa la mtoto.

Baada ya maziko dada alimweleza mke wangu haya yote, kuanzia ile 212. Hakulia. Alisema kaka hana ubaya, anafanya kazi yake tu. Nguzo moja ikiisha, msomaji huenda kwenye inayofuata.

"Njoo ukae kwetu," mke wangu alimsihi.

"Atanifuata. Halafu atawakuta nyinyi."

Alhamisi iliyofuata maziko, fremu ya upande wa pili ilipata mstari wake wa kwanza. Mia na sitini na nne. Ulikuwa usawa wa utosi wa dada.

Tulimwona akipunguka. Tulidhani amepiga magoti, kumbe amesimama. Kisha hatukumwona tena. Tulipovunja mlango tulikuta nguo sakafuni na daftari mezani, kila namba imeandikwa kwa mwandiko wa Rula, na pembeni yake kwa mwandiko wa dada: imerudiwa. Imerudiwa. Imerudiwa. Ya mwisho ni sifuri. Pembeni yake hakuna kitu.

Nyumba tumeipaka rangi mara tatu, na mistari inarudi. Kila Alhamisi, saa nne asubuhi, jikoni humo mtu anasema "Sifuri!" kisha anasubiri. Mtaa mzima hukaa kimya kwa saa nzima. Watoto tunawaziba midomo, wasije wakairudia namba na kumfungulia njia.

Leo asubuhi, kwenye kizingiti cha nyumba ile, kulikuwa na vipande viwili vya theluji, vimekaa sambamba. Ncha zake zinatazama mlango wangu.